Viazi na vitunguu vimechipua stoo: nipike, nipande au nitupe?

Mama Lishe wa Tabata ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nauza chakula cha mchana hapa Tabata, Dar es Salaam, na hivi karibuni shemeji yangu alituletea mzigo kutoka Njombe: gunia la viazi mviringo lililofungwa lumbesa, kiroba cha vitunguu maji, pamoja na vitunguu saumu na tangawizi alivyonunua njiani. Viazi vitamu nilikuwa navyo tayari kwa ajili ya chai ya asubuhi. Mzigo ulizidi mahitaji ya biashara yangu, na kwa joto la huku kwetu haukupita muda mrefu kabla ya kila kitu kuanza kuota.

Hali ilivyo ni hii. Viazi mviringo vya juu ya gunia, ambavyo vilikuwa vikipigwa na mwanga wa dirisha, vimegeuka kijani upande mmoja, na machipukizi yake ni mafupi, manene, yenye rangi ya zambarau. Vya chini havina ukijani, lakini vimetoa machipukizi meupe marefu yaliyopenya hadi nje ya matundu ya gunia, na baadhi vimesinyaa na kulegea ukivibonyeza. Vitunguu maji vimetoa majani mabichi juu, saumu ina ncha ya kijani katikati ya kila punje, tangawizi imetoa vinundu vya manjano, na viazi vitamu vimeota vijani vidogo vyekundu.

Nimekwisha kupata ushauri wa aina tatu, na hakuna unaokubaliana na mwenzake. Jirani ananiambia nitupe vyote kwa sababu chochote kilichochipua kimeshakuwa sumu. Mama mkwe anasema nivunje machipukizi, nimenye, nipike kama kawaida. Na mume wangu amekwisha kukusanya ndoo mbovu nyuma ya nyumba akitaka tupande viazi mviringo ili tuvune wenyewe. Naomba maelezo ya watu wanaolijua jambo hili vizuri, kwa sababu chakula hiki sikipiki kwa ajili ya familia yangu tu, bali nakiuza, na miongoni mwa wateja wangu wamo watoto wa shule.

Mkulima wa Uyole amejibu:

Dada, pole kwa hasara inayokunyemelea, lakini sioni sababu ya hofu kubwa kiasi hicho. Huku Mbeya viazi vinakaa ndani miezi kadhaa baada ya mavuno, na vikichipua tunavunja machipukizi, tunamenya, tunapika na maharage, na maisha yanaendelea. Wazazi wetu wamekula hivyo na wamezeeka wakiwa na afya zao. Ukimsikiliza kila anayetaja neno sumu utajikuta unamwaga chakula cha fedha nyingi kwa ajili ya jambo ambalo kisu kinalimaliza. Mimi naungana na mama mkwe wako.

Mkaguzi wa Chakula, Morogoro, amejibu:

Ndugu wa Uyole amesema kweli kuhusu viazi vya kwao, na ndiyo maana napenda kueleza kwa nini ushauri huohuo unaweza kumponza mama lishe wa Tabata. Kwenye nyanda za juu kuna baridi. Kiazi kilichofunikwa gizani huchipua polepole, na mwenye nyumba hukimenya kikiwa bado kigumu na chipukizi likiwa dogo. Gunia la Tabata limekaa kwenye joto, sehemu yake ikipigwa mwanga, na baada ya kubanwa kwenye lumbesa na kusafiri zaidi ya kilomita 600 barabarani. Joto, mwanga na michubuko ni mambo matatu ambayo kila moja lina mchango wake katika kuongeza sumu ndani ya kiazi.

Kiazi mviringo kiko katika ukoo mmoja na nyanya, bilinganya, mnavu na tumbaku, na kama ndugu zake wengi wa ukoo huo hujikinga na wadudu na magonjwa kwa kutengeneza kemikali chungu. Katika kiazi kemikali hizo ni hasa solanini na chakonini. Hukaa kwa wingi kwenye majani, maua na machipukizi, kisha kuzunguka macho ya kiazi na katika tabaka jembamba lililo chini ya ganda, ilhali nyama ya ndani huwa nazo kidogo sana. Ule ukijani wenyewe ni umbijani, kitu kilekile kinachoyapa majani rangi, na hauna madhara yoyote. Tatizo ni kwamba mwanga unaoleta umbijani huchochea pia sumu, kwa hiyo rangi ile tuichukue kama onyo. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaodhani kiazi kisicho na kijani ni salama moja kwa moja, wakati kiazi kilichochubuka au kuchipua sana gizani kinaweza kuwa na sumu nyingi bila kubadilika rangi.

Kuhusu hoja kwamba moto unamaliza kila kitu, hapana. Solanini haivunjwi na maji yanayochemka, na mafuta ya kukaangia chipsi, ambayo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi joto 170 na 190, hayatoshi kuiondoa. Kinachoipunguza kwa uhakika ni kisu, na hapo ndipo ninapokubaliana na Ndugu wa Uyole, ila kisu nacho kina kikomo chake.

Kisa kinachotajwa mara nyingi katika taaluma yetu ni cha shule moja ya wavulana kusini mwa jiji la London mwaka 1969. Wanafunzi 78 waliugua baada ya mlo wa mchana, wakatapika, wakaharisha na kuumwa matumbo, na 17 kati yao wakalazwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979 ulielekeza kidole kwenye gunia la viazi vya zamani lililokuwa limebaki stoo tangu muhula uliotangulia. Wote walipona. Nakitaja kisa hiki kwa sababu hakikuhusu kiazi kimoja kilichopita nyumbani kwa mtu bila kuonekana. Kilihusu gunia la zamani na jiko linalolisha watoto wengi kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo hali ya muuliza swali.

Hesabu nayo inasaidia kuondoa ubishi. Kiwango ambacho kwa muda mrefu kimechukuliwa kuwa ukomo wa kiazi kinachofaa kuliwa ni miligramu 200 za kemikali hizo kwa kilo moja ya viazi, na kiazi kizuri huwa chini sana ya hapo. Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba dalili za madhara zinaweza kuanza kuonekana mtu anapokula miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 15 basi anahitaji miligramu 15 tu, ambazo zinapatikana kwenye gramu 75 za kiazi kilichofikia ukomo ule, yaani kiazi kimoja kidogo. Mtu mzima wa kilo 70 atakula sahani nzima ya kiazi hichohicho kabla ya kufikia kiwango chake. Hiyo ndiyo sababu wazee wanaweza kusema kwa haki kabisa kwamba wamekula na hawakuona kitu, huku mtoto aliyekaa nao meza moja akitapika usiku na watu wakidhani ni maji.

Kwa hiyo, dada, gunia hilo lipange upya kwa mikono yako, kiazi kimoja kimoja, na mchana kweupe. Kiazi kilicho kigumu, kisicho na kijani, chenye chipukizi dogo lisilozidi urefu wa punje ya mchele, kivunje chipukizi, chimbua jicho lote kwa ncha ya kisu badala ya kulikwangua juujuu, kisha menya ganda nene kuliko ulivyozoea. Hicho kinafaa hata kwa kuuza. Kiazi chenye doa dogo la kijani mtu mzima anaweza kulikata doa lote pamoja na nyama kidogo inayofuata na kukila kwake nyumbani, lakini kwa biashara inayolisha watoto mimi nisingekigusa. Vilivyosinyaa, vyenye machipukizi marefu, na vile vilivyokuwa kijani upande mzima, si vya kupikwa. Kiazi kilichoiva kikikuachia uchungu ulimini au muwasho kooni, sufuria yote imwagwe, maana uchungu huo ndio sumu yenyewe unayoionja. Na katika mzigo huu usipike kiazi chochote na ganda lake, wala usitumie maji ya kuchemshia kutengeneza mchuzi.

Haya yote yanahusu kiazi mviringo peke yake. Vitunguu, saumu, tangawizi na viazi vitamu havina solanini, na jirani yako amevihukumu kwa kosa ambalo si lao.

Afisa Ugani Mstaafu, Njombe, amejibu:

Binti yangu, mwenzangu wa Morogoro amemaliza upande wa jikoni na sitaurudia. Mimi nizungumze na mume wako kuhusu ndoo zake.

Kiazi kikivunwa hulala kwanza. Usingizi huo hutofautiana kwa aina: zipo zinazolala miezi miwili au mitatu, na ipo Shangi, kipenzi cha wakulima na wauza chipsi wa Kenya, ambayo usingizi wake ni wa wiki chache tu na ndiyo maana wachuuzi wake huilalamikia. Joto hufupisha usingizi huo. Kiazi kinapoamka, jicho la kileleni hutangulia na kuyazuia macho mengine yasichipue. Mkulima akilivunja chipukizi hilo la kwanza, mengine kadhaa huamka pamoja, na mche hutoa mashina mengi zaidi. Chipukizi linalotakiwa kwa mbegu ni fupi, imara, lenye urefu wa sentimita 1 hadi 2 na nusu, na lenye rangi. Ili kulipata, huku kwetu tunaiweka mbegu kwenye vichanja ndani ya stoo ya mwanga hafifu, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja lakini mwanga wa kutosha unaingia.

Sasa tazama jambo hili: vile viazi vya juu ya gunia lako, vyenye kijani na machipukizi mafupi ya zambarau, ambavyo umeambiwa usivipike, ndivyo vilivyotayarishwa vizuri kwa kupandwa. Mwanga uliokiharibu chakula ndio uliokijenga kuwa mbegu. Vile vya chini, vilivyotoa machipukizi meupe marefu kwa kutafuta mwanga, vimetumia nguvu zake bure; machipukizi hayo yatakatika mkononi kabla hujafika shambani.

Lakini kuwa tayari kwa kupandwa ni jambo moja, na kupata mavuno ni jambo jingine. Kiazi mviringo ni zao la baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hata Lushoto, ambako Dar es Salaam hupata sehemu ya viazi vyake, ni milimani. Kiazi huanza kujaa vizuri udongo ukiwa na nyuzi joto kati ya 15 na 20, na kadiri joto linavyokaribia 30 mmea huacha kupeleka wanga chini na kuutumia kukuza majani. Tabata hata usiku joto halishuki kiasi cha kuufaa mmea huo. Mume wako atapata miche mirefu, mizuri ya kutazama, na mwisho wa miezi mitatu au minne atamwaga ndoo na kukuta vijiazi vya ukubwa wa goroli. Si udongo wake wala uvivu wake. Ni mahali alipo. Na majani yake asije akayachuma kama mboga kwa kuyafananisha na mnavu, maana nayo yana sumu ileile.

Mtu anaweza kusema basi avirudishe kwa shemeji yake vipandwe huku juu. Hapo pia nasita. Kiazi cha kula kilichonunuliwa sokoni hakijulikani kimetoka shamba gani, na adui mkubwa wa zao hili, mnyauko wa bakteria, husafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa. Ukitaka kukipima, kikate katikati na ukibonyeze: kikiwa kimeathirika sana, utaona ute wa rangi ya maziwa ukitoka kwenye ule mviringo ulio karibu na ganda. Kisipotoa ute bado huwezi kuapa kwamba ni kizima. Ugonjwa huo ukiingia shambani hukaa udongoni kwa miaka, na nyanya, pilipili na bilinganya zitakazofuata zitaugua pia. Kuna na virusi, ambavyo havionekani kwa macho kwenye kiazi lakini hupunguza mavuno msimu hadi msimu mpaka mkulima anadhani ardhi imechoka. Kwa sababu hizo mkulima wa kiazi anashauriwa kununua mbegu iliyothibitishwa, yenye ukubwa unaokaribia yai la kuku, na kuipanda nzima bila kuikata, kwa sababu kisu kinachokata mbegu hubeba ugonjwa kutoka kiazi hadi kiazi.

Kwa yule anayeishi sehemu za baridi na anataka tu kujaribu kwenye kiroba nyuma ya nyumba, mbali na shamba, simzuii. Aweke udongo mpya, apande kiazi sentimita 10 chini, aongeze udongo kadiri shina linavyorefuka ili viazi vichanga visipigwe mwanga, na udongo ule usije ukamwagwa kwenye bustani ya nyanya.

Mpishi wa Kibokoni, Mombasa, amejibu:

Nimesoma nikafurahi kwamba vitunguu vimeachiliwa huru, kwa hivyo nami nivisemee, kwani sisi wa Pwani joto letu ni lile lile na vitunguu vyetu huchipua vivyo hivyo.

Kitunguu maji kilichotoa majani kinaliwa, kitunguu chenyewe na majani yake. Kinachopungua ni utamu na ugumu, kwa sababu jani linajilisha kutoka ndani ya kitunguu. Ukikipasua katikati utaona kiini cha kijani na maganda yaliyoanza kulegea na kuwa kama ngozi. Kikiwa bado kigumu, kikaange mchuzi wala hapana atakayejua. Majani yake yakate madogo madogo uyatie kwenye kachumbari au uyamimine juu ya mayai. Kikiwa kimelegea, kinatoa maji na harufu imebadilika, hicho kimeoza, na kuoza ni jambo lingine kabisa na kuchipua. Ukungu mweusi wa unga unga kwenye ganda la juu tu unaondoka na ganda lake, lakini ukiingia ndani, kitupe.

Kitunguu thomu kilichochipua hakina neno, ila ile ncha ya kijani ina uchungu kidogo. Kwenye pilau au mchuzi unaochemka sana hutausikia. Kwenye chatine au vitu vinavyotwangwa vikaliwa vibichi, pasua punje na uitoe. Tangawizi yenye vinundu ni nzima kama ilivyokuwa, mradi haijanyauka ikabaki nyuzi tupu wala haina ukungu.

Kuhusu kupanda, nasema mume wa dada asizitupe zile ndoo, abadilishe mmea tu. Kitunguu kilichochipua akikifukia nusu kwenye ndoo yenye matundu chini, atakata majani mabichi kwa wiki nyingi. Asitaraji kitunguu kikubwa, kwani mmea huo mwaka wake wa pili ni wa kugawanyika na kutoa ua la mbegu. Thomu nayo huku chini haijengi kichwa, inataka baridi, lakini majani yake yanafaa jikoni. Tangawizi ndiyo yenye faida ya kweli: akate vipande vyenye macho mawili au matatu, aviache sehemu iliyokatwa ikauke, afukie sentimita 5 hivi kwenye udongo wenye mboji, aweke ndoo kwenye kivuli chepesi. Inataka subira ya miezi minane hadi kumi, lakini joto la Dar es Salaam inalipenda.

Mkulima wa Sengerema amejibu:

Viazi vitamu vimepitwa haraka mno, na mimi naona ndivyo vilivyo na thamani kubwa kuliko kitu chochote katika mzigo huo wa dada.

Machipukizi ya kiazi kitamu si sumu. Ni matembele machanga, mboga ileile inayouzwa kwa mafungu sokoni, na ukiyaacha yarefuke utayachuma na kuyapika kwa nazi au karanga. Kiazi chenyewe kinaendelea kulika kikiwa kigumu, ingawa kadiri chipukizi linavyokua kinapoteza uzito na nyama yake inakuwa na nyuzi. Unachotakiwa kukikataa ni kiazi kitamu kilichotobolewa na fukusi au kilichoota ukungu: kiazi kilichoshambuliwa hivyo hutengeneza kemikali zake chungu, na uchungu huo hauishii kwenye doa ulilolikata, bali huenea na kubaki hata baada ya kuchemshwa.

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kiazi kilichochipua ni mali. Kiangazi kikiwa kirefu marando yote shambani, yaani mashina tunayoyakata kuwa mbegu, hukauka, na mvua zinapoanza mkulima hana cha kupanda; anahangaika mabondeni kuomba au kununua, na anapoyapata wenye maji wameshapanda wiki kadhaa kabla yake. Njia iliyoenezwa kwetu na watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi ni ya kuchagua viazi vidogo vizima visivyo na tundu la fukusi, kuvipanga kwenye beseni au shimo lenye mchanga mkavu, tabaka la viazi na tabaka la mchanga, visigusane, na kuviacha kivulini kiangazi chote. Inapobaki takriban wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vile vilivyochipua vinahamishiwa kwenye bustani ndogo iliyozungushiwa uzio wa kuzuia mbuzi na kuku, vinamwagiliwa, na vinatoa marando ya kutosha kukata mbegu mvua ikianguka.

Mume wa dada hahitaji yote hayo. Afukie kiazi kitamu kilichochipua kwenye ndoo, amwagilie, na marando yakifika urefu wa sentimita 30 ayakate na kuyapanda kwenye tuta au kiroba kingine, theluthi mbili zikiwa chini ya udongo. Ile ndoo ya kwanza ataendelea kuichuma matembele. Kama viazi hivyo ni vya rangi ya chungwa, vile tunavyoviita viazi lishe, avitunze zaidi, kwa sababu vina vitamini A ambayo vile vyeupe karibu havina.

Mama Lishe wa Tabata ameandika:

Nawashukuru sana nyote, na Mzee wa Njombe shikamoo. Gunia nimelimwaga chini na kulichambua kama nilivyoelekezwa. Vinavyofaa kuuzwa ni vichache kuliko nilivyotarajia lakini si haba, na vitamalizika wiki hii. Mume wangu amekubali kwa shingo upande kuacha viazi mviringo, na tangawizi imekwisha kuingia kwenye ndoo mbili.

Nimebaki na maswali mawili. Jirani anafuga kuku na nguruwe, ameomba nimpe viazi vibovu pamoja na machipukizi na maganda ili asiwanunulie chakula. Je, nimpe? La pili, nitakapoletewa mzigo mwingine niuhifadhi vipi, kwa sababu mama mkwe ananishauri niweke viazi na vitunguu pamoja chini ya meza, na binti yangu anasema viwekwe kwenye friji?

Afisa Ugani Mstaafu, Njombe, amejibu:

Marahaba, binti yangu. Jirani usimpe. Mifugo nayo hudhurika na sumu hiyohiyo, na viazi vya kijani na machipukizi yake ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Maganda ya viazi vizima visivyo na kijani, yakichemshwa na kuchanganywa na chakula kingine, nguruwe atakula bila tatizo. Machipukizi ya viazi vitamu mpe kwa moyo mweupe, ila viazi vitamu vyenye ukungu usimpe mtu mwenye ng'ombe, kwani hushambulia mapafu ya mnyama hadi kumuua. Vilivyobaki vifukie kwenye shimo la kina cha kutosha. Ukivirusha juu ya lundo la taka vitaota, na kama vina mnyauko utakuwa umempelekea ugonjwa mwenye bustani ya nyanya iliyo karibu.

Kuhusu kuhifadhi, mama mkwe na mjukuu wake wote uwasikilize nusu. Chini ya meza ni pazuri kwa sababu kuna giza, lakini viazi hupumua na kutoa unyevu, na vitunguu vinataka hewa kavu. Ukiviweka pamoja vitunguu vitaota mizizi na kuoza mapema. Vitunguu vitundike kwenye wavu mahali penye upepo. Viazi vitoe kwenye lumbesa siku hiyohiyo vinapofika, ondoa vilivyochubuka ili vitangulie kupikwa, visivyo na jeraha vitandaze juu ya chaga, usivioshe, na uvifunike kwa magunia makavu yanayopitisha hewa, wala si karatasi ya nailoni. Pita kila baada ya siku chache ukivunja machipukizi yakiwa bado vinundu.

Friji huzuia kuchipua, lakini kwa mtu anayekaanga ina adhabu yake. Kiazi kikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi joto 6 hivi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na chipsi zake huwa nyeusi nje kabla hazijaiva ndani. Weusi huo huja pamoja na akrilamaidi, kemikali nyingine ambayo wataalamu wa afya wanashauri tuipunguze. Kwa kuchemsha au kupika rosti la mchuzi haina shida kubwa. Kwa chipsi, mwambie shemeji yako alete nusu gunia mara mbili badala ya lumbesa moja, na avinunue kwa mkulima aliyekata mashina wiki mbili kabla ya kuchimba. Atavitambua kwa kusugua ganda kwa kidole gumba: kiazi kilichokomaa ganda lake halibanduki.